Wenye Vyombo na Tufani za Bahari



Ni desturi ya kijitabu hiki, zikiisha hesabu za fedha, kuweka kurasa chache za habari za kale, ili msomaji apate la kuzungumza na wenzake nyumbani. Safari hii tumechagua habari za wenye vyombo vya bahari: jinsi walivyozistahimili tufani, na jinsi walivyovikagua vyombo vyao baada ya upepo kutulia. Tulipolitaja jambo hili katika kikao, mzee mmoja aliuliza kwa haki kabisa, "Sisi tuna kahawa, tuna mananasi, tuna viwanda. Bandari yetu iko wapi?"

Twamjibu hivi. Ukisimama darajani Thika ukatazama maji, unatazama maji yaendayo Kipini. Mto Chania huingia katika mto Thika, na Thika huingia katika Tana penye bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Kisha Tana huzunguka nchi kavu ya Garissa na Hola, yapata kilomita 1,000 tangu chemchemi zake, hata kufika baharini. Ukisimama darajani Ruiru, maji unayoyaona hayaendi huko. Hayo huteremka mpaka mto Athi, yakapita kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Kilimambogo, yakabadilishwa jina yakaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho yakamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Miji yetu miwili, ambayo mtu aweza kutoka mmoja kwenda mwingine kabla chai haijapoa, inapeleka maji yake katika bandari mbili mbalimbali. Wenye vyombo wa Malindi na wa Kipini ni jirani zetu kwa njia ya maji, nasi tutaonyesha huko mbele kwamba ujirani huo una deni ndani yake.

Tuanze na mwaka wa mabaharia. Watu wa pwani tangu kale walihesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi, iitwayo pia Siku ya Mwaka, nao waliugawa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Mwezi wa kuandama ulitosha kwa funga na sikukuu, lakini hautoshi kwa bahari, kwa sababu upepo haufuati mwezi. Kaskazi huvuma tangu mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa Machi, na ndio ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kisha masika huingia, upepo hugeuka, na kusi huanza. Huo huwa mkali kupita kiasi katika miezi ya Juni na Julai. Basi katika masika na mwanzo wa kusi bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Chombo kikubwa hakikusafiri safari ndefu, na mwenye akili alikwisha kukivuta chake ndani ya hori au kukipandisha ufuoni wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, akakitia magadi pande zote mbili kisilale ubavu, akateremsha foromali na tanga, akangoja.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya kwanza kati ya mwenye chombo wa zamani na mtu afikiriaye kwamba tufani ni jambo la usiku mmoja. Kwake tufani ilikuwa na msimu, na maandalio yake yalianza miezi kabla. Kamba za nanga zilibadilishwa wakati wa jua. Tanga lilishonwa likiwa kavu. Chombo kilipakwa deheni chini, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili mdudu alaye mbao asiingie, na juu kikapakwa sifa, mafuta yale ya papa ambayo harufu yake mgeni haisahau.

Lakini wakati mwingine upepo humkuta mtu njiani. Nahodha alipoona wingu jeusi limesimama na bahari imebadilika rangi, aliamuru kutua tanga mapema, kwa maana tanga kubwa la jahazi halipunguzwi kwa urahisi upepo ukiisha kulishika; foromali ni mti mrefu mzito, na ukianguka vibaya huvunja watu. Kama hori la kujificha lilikuwa karibu, kama Kilifi, Mtwapa, Takaungu au Mida, alilikimbilia. Kama halikuwapo, alikimbia na upepo nyuma yake, akiburura kamba nene kupunguza mwendo, huku mabaharia wakifua maji kwa zamu bila kukoma. Hatari ikizidi, walitosa shehena. Twaomba msomaji alifikirie neno hilo. Shehena ile si mali ya nahodha. Ni tende za mtu wa Basra, au boriti za mtu wa Lamu, au mtama wa mjane. Kutosa ni kuamua, gizani na katika kelele, mali ya nani izame ili watu wapone, kisha kwenda kulieleza jambo hilo mbele ya wenye mali. Hakuna nahodha aliyelipenda.

Sasa tufike mahali ambapo habari yetu ina uzito wake, nayo ni asubuhi ya pili. Upepo umetulia, jua limetoka, bahari ni kama kioo, watoto wako ufuoni wanaokota vilivyotupwa na mawimbi. Chombo kimesimama juu ya nanga yake, mlingoti umo, usukani umo. Kila mtu asema kimepona. Mabaharia wana njaa, maana siku wasipokwenda hawana fungu. Katika bandari nyingi mapato hugawanywa mafungu, chombo kikapata lake, nahodha lake, na kila baharia lake, wala hakuna mshahara wa kukaa. Mwenye shehena anauliza habari za bidhaa zake. Mambo yote yanamsukuma mwenye chombo aseme, "Twekeni tanga." Na mwenye chombo aliyelelewa vizuri husema, "Ngojeni maji yapwe."

Kazi yake huanza ndani, katika ngama, yale maji yaliyotuama chini kabisa ya chombo. Huyaonja. Yakiwa hayana chumvi nyingi, ni ya mvua, moyo wake hutulia kidogo. Yakiwa ya chumvi kali, huuliza yameingilia juu au chini. Huyafua yote mpaka mbao zionekane, hukausha kwa tambara, kisha huketi. Haondoki. Hutazama maji yarudipo, na yarudia upande gani, kwa maana uvujaji mdogo hujificha chini ya wingi wa maji, na ukiisha kuyaondoa hauna tena pa kujificha.

Maji yakipwa na chombo kikakaa juu ya magadi yake, huzunguka nje. Husimama nyuma, kwenye fashini, akafumba jicho moja na kuutazama mkuku mpaka mbele, aone kama umepinda. Mkuku uliopinda ni sawa na uti wa mgongo uliovunjika. Kisha huchukua nyundo ya mti na kugonga mbao moja moja. Mbao nzima hulia. Mbao iliyoachana na taruma, au iliyooza ndani, hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Hutazama misumari: kila mahali palipo mchirizi wa kutu, kama chozi, msumari umecheza katika tundu lake, hata kama kichwa chake kimekaa sawasawa. Hutazama kalafati, ile pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kati ya mbao. Ikiwa imetokeza nje, basi mbao zilikuwa zikibanana na kuachana usiku kucha. Mwisho hutazama vyuma vishikavyo usukani na shimo lilalo mguu wa mlingoti, mahali ambapo nguvu yote ya tanga hukutana na chombo.

Na kamba. Hapa watu wa Thika na Ruiru watuvumilie, maana twaingia katika mambo wayajuayo kuliko sisi. Zamani kamba za vyombo zilikuwa za makumbi ya nazi. Baadaye zikaja za katani, na wazee wengi wanaosoma kurasa hizi walikata katani au baba zao waliikata, tangu shamba la Punda Milia upande wa Makuyu, ambako Swift na Rutherfoord waliianza kazi hiyo katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, mpaka mashamba yaliyozunguka mji wetu. Siku hizi kamba nyingi ni za nailoni. Kamba ya katani ina tabia moja ya hila: huoza kuanzia ndani. Nje yaweza kung'aa kama nywele zilizochanwa, na moyo wake umekwisha kuwa unga. Kwa hiyo baharia hakuiamini kwa macho. Aliishika kwa mikono miwili, akaizongoa mpaka nyuzi zikafunguka, akachungulia katikati. Akiona vumbi, aliikata vipande vya kufungia mizigo midogo, wala hakuitia nanga tena.

Palikuwa na chombo kimoja kilichokaguliwa kwa namna ya peke yake, nao ni mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni, ambao ulitoweka katika karne ya 20. Mtepe haukuwa na msumari katika ubavu wake. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi. Ulipopigwa na wimbi ulijikunja kidogo ukarudi, mahali ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Kwa faida hiyo mabaharia wake walilipa kwa jasho, maana ulivuja daima, na baada ya tufani ilipasa kuutazama mshono wote, tundu kwa tundu. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mmoja mpya wa kuonyeshwa Unguja, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Jumba hilo lilisimama hata baada ya mizinga ya mwaka 1896. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, siku isiyo na vita wala tufani, sehemu yake kubwa ilianguka, baada ya nyufa zake kujulikana kwa miaka mingi. Tumeitaja habari hii kwa sababu Barghash mwenyewe ndiye mwenye chombo mkubwa kuliko wote katika masimulizi yanayofuata.

Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Watu hawakuwa wamekitazamia, wala hatuwezi kuwalaumu. Kimbunga kikubwa hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na mstari wa ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Kwa hiyo pwani ya Kenya imekingwa kwa sehemu kubwa, Unguja huguswa kwa nadra sana, na hatari huongezeka kadiri mtu aelekeavyo kusini, Lindi, Mtwara na Msumbiji. Tena kimbunga kina jicho katikati yake, ambapo upepo hukoma ghafula. Asiyekijua hudhani kimekwisha. Kumbe upepo utarudi kutoka upande mwingine, na chombo kilichojificha nyuma ya kisiwa kutokana na ule wa kwanza huwa sasa kiko wazi mbele ya ule wa pili.

Bandari ya Unguja siku hiyo ilijaa hasara. Majahazi kwa majahazi yalitupwa ufuoni na kuvunjwa, na manowari za Sultani, ambazo zilikuwa fahari ya ufalme tangu siku za baba yake Seyyid Said, ziliangamia. Mashambani ilikadiriwa kwamba theluthi mbili za mikarafuu na minazi ya Unguja zilianguka. Pemba, iliyo karibu hivyo, haikuguswa sana. Wala tufani haikukomea pwani. Mwandishi Stanley, alipokuwa akirudi kutoka kumtafuta Livingstone, alifika Simbamwenni, karibu na mahali palipo Morogoro leo, akakuta mji ule wenye ukuta imara umebomolewa na mafuriko ya mto wake na watu wengi wamechukuliwa. Yeye alikuwa mbali na bahari kama sisi tulivyo mbali nayo.

Hayo ndiyo yaliyoonekana asubuhi ile. Yaliyojificha yalichukua miaka kuonekana. Mkarafuu mchanga hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Mwenye shamba aliyekuwa na deni kwa tajiri wa mjini alikuwa na deni lile lile na hana miti. Pemba, ambayo zamani ilikuwa ya pili kwa karafuu, ikawa ya kwanza, ikabaki hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1873 akaja Sir Bartle Frere kutoka Uingereza kudai biashara ya watumwa ikomeshwe baharini; alimkuta Sultani asiye na manowari na raia wasio na karafuu. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka ule, na soko la watumwa likafungwa. Hatusemi tufani ndiyo iliyolifunga, wala hakuna mtu wa ukoo wetu atakayelia kwa kufungwa kwake. Twasema tu kwamba mtu aliyevunjikiwa chombo huketi katika baraza ya mashauri akiwa chini kuliko alivyoketi jana.

Na Barghash alifanyaje juu ya vyombo vyake? Aliagiza manowari mpya Uingereza, ikaundwa huko Dumbarton, Uskochi, ikashushwa majini mwaka 1878, ikaitwa Glasgow. Ilikuwa na mapambo mengi. Miaka mingi ilikaa imetia nanga mbele ya jumba bila kazi kubwa, hata ilipofika tarehe 27 Agosti 1896 ikazamishwa na mizinga ya Waingereza katika vita vile vya chini ya saa moja, na milingoti yake ikabaki ikitokeza juu ya maji kwa miaka. Sisi twaona, ingawa wenye elimu zaidi wanaweza kutupinga, kwamba hasara ya mwaka 1872 ilitengenezwa mahali ilipoonekana, yaani bandarini, kuliko mahali ilipouma, yaani katika madeni ya wenye mashamba.

Vimbunga vingine vimepita tangu wakati ule. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 mji wa Lindi ulipigwa vibaya, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Tofauti ya mara hii ilikuwa onyo: siku kadhaa mbele habari zilitangazwa Tanzania na Kenya, na wavuvi wakaambiwa wasiingie baharini. Chombo kilichovutwa ufuoni kwa sababu ya onyo hakina hadithi ya kusimuliwa, na hiyo ni heri yake.

Ndugu zetu waliotoka upande wa Ziwa Victoria watatukumbusha kwamba tufani si mali ya bahari peke yake, nao wasema kweli. Huko adui huja usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, ukapeleka mawingu kwenye vilima vya Kericho na Kisii, ndiyo maana huko mvua ya mawe ni jambo la kawaida. Usiku upepo hurudi kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na radi huzaliwa pale pale ambapo mvuvi wa omena yuko na taa yake. Makadirio yaliyotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa lile, na kwa ajili hiyo idara za hali ya hewa za nchi zetu, pamoja na shirika la hali ya hewa la dunia, zilianza mwaka 2017 mpango wa kutoa utabiri maalumu kwa wavuvi. Tena baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili kwa muda wa miaka mitatu, na mwenye mtumbwi alipokwenda kukagua chombo chake alikuta chombo kizima, ila pwani alipokiegesha haipo.

Sasa turudi kwenye deni tulilolitaja. Mvua ile ile inayovunja vyombo huanza kwetu. Maji ya Ruiru na ya Athi hayafiki Malindi peke yao, hufika na udongo. Katika majira ya mvua bahari mbele ya Malindi huwa nyekundu kwa udongo wa Sabaki. Mchanga umejaa katika ghuba, ufuo umesogea mbele baharini, na mahali ambapo chombo kilielea zamani wakati wa maji kupwa, sasa hugusa chini. Chombo kinachogonga chini kila maji yapwapo huumia polepole kuliko kwa tufani, lakini huumia, na mwenyewe akigonga mbao zake hatajua kwamba tufani iliyomvunjia ilianza kwenye shamba la mteremko, mwendo wa siku nyingi kutoka kwake.

Wazee wa Murang'a watakumbuka, au walisimuliwa, habari za matuta ya mwaka 1947 na 1948, wakati watu walipolazimishwa kuchimba kila juma bila malipo, hata wakakataa, na wanawake wakaandamana. Walikuwa na haki ya kukataa kazi ya shuruti. Lakini matuta yenyewe hayakuwa na kosa, na baada ya uhuru wakulima wengi waliyachimba kwa hiari yao, wakapanda majani ya mifugo ukingoni. Aliyechimba tuta Gatundu alimsaidia mwenye jahazi asiyemjua.

Wala njia ya mateso si ya udongo tu. Katika mvua za mwaka 2024, barabara itokayo Thika kwenda Garissa ilikatwa na Tana iliyofurika karibu na Madogo. Wasafiri waliokuwa wamepanda gari wakajikuta wanapanda mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja iliyojaa watu ilipinduka pale. Wengi waliokolewa na wengine wakafa. Mto uliowachukua ulikuwa na maji yaliyopita chini ya daraja letu.

Mvua hizo hizo ziliingia katika nyumba za watu katika kaunti yetu, hasa za kando ya mito. Maji yalipopungua, familia nyingi zilifanya kama yule baharia mwenye njaa: zilifagia tope, zikarudisha vitanda, zikasema nyumba imepona. Na vyama vya msaada, chetu kikiwamo, vilifanya kama wenye shehena: vilitoa kilichokuwapo mara moja, blanketi na unga, vikafunga daftari. Hatukuonja ngama. Ukuta wa matofali uliokaa siku tatu ndani ya maji husimama kama mlingoti siku ya kwanza, na hupasuka jua likiisha kuukausha. Choo kilichojaa maji hudidimia mwezi wa pili. Mama aliyepoteza cherehani hakuandikwa, kwa sababu siku ya kuandikwa alikuwa anatafuta watoto.

Kwa hiyo kamati imeona vema kulileta jambo hili mbele ya mkutano mkuu: kwamba msaada wa mafuriko usitolewe wote siku ya kwanza, bali ugawanywe mara mbili, fungu la kwanza siku ile ile bila maswali mengi, na fungu la pili baada ya wiki sita, mafundi wetu wakiisha kuzizunguka nyumba na kugonga kuta. Wako wanachama wasemao kwamba fungu la pili litavuta wadanganyifu. Huenda. Wengine wasema kwamba mwenye shida hawezi kungoja wiki sita, nasi twawajibu kwamba hangoji, kwa sababu la kwanza amekwisha kulipata. Neno la mwisho ni la mkutano.

Wajumbe wa Ruiru wanaombwa waje na majina ya nyumba zote zilizoingiwa na maji, hata zile ambazo wenyewe walisema hazikudhurika. Wajumbe wa Thika vivyo hivyo. Mafundi waashi na maseremala walio wanachama, ambao wako tayari kutoa Jumamosi mbili baada ya masika bila malipo, wajiandikishe kwa mwandishi wa chama kabla ya mwezi wa Machi kwisha, na kila mmoja aje na nyundo yake.